Mtalii kutoka Bondeni

Nakuru ilitangazwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, mimi nikiwa Mombasa kwa shughuli za kutafuta riziki. Basi likizo ya Agosti nikaamua kulizuru jiji letu kama mgeni: chumba cha hoteli karibu na barabara ya Kenyatta, kofia pana, raba miguuni, na kulipa kiingilio kila mahali bila kunung'unika.

Mama alipopata habari alinipigia papo hapo. "Kwani hapa kitanda kimevunjika? Majirani watasema tumekufukuza." Tulikubaliana nilale hotelini, lakini chakula cha jioni kiwe kwake, mtaa wa Bondeni hapo hapo Nakuru. Sijui ni mtalii gani hupikiwa mukimo na mamake, ila sikubishana.

Nilianza na Hyrax Hill, kile kilima cha pimbi kando ya barabara ya Nairobi. Nimekipita kwa matatu tangu nikipakatwa, na siku zote nilikiona kibao tu. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba hapa mwaka 1937 akafukua makaburi na vyombo vya watu wa kale. Kuna pia mashimo ya Wasirikwa, mabonde madogo ya duara yaliyoota nyasi, ambamo walikuwa wakilaza ng'ombe. Kijana aliyenitembeza aliniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Bondeni. Akaiangalia ile kofia, akanyamaza.

Kilichonishika zaidi ni bao. Limechongwa kwenye mwamba wenyewe, safu za vishimo ambavyo kingo zake zimelainika kabisa. Kimoja kilikuwa na maji ya mvua, kingine kilikuwa na kokoto alizoacha mtu. Nilitumbukiza kidole gumba, kikaenea. Nikawakumbuka wazee wa mtaani kwetu waliokuwa wakicheza ajua, yaani bao, nje ya kinyozi, wakizozana kwa Kijaluo hadi giza liingie, na mtu akiitwa nyumbani kula anajibu "nakuja" bila kuinua macho.

Kijana yule alinieleza kwamba zamani sana maji ya Ziwa Nakuru yalifika hadi chini ya kilima hiki. Ukisimama kileleni unaona ni hadithi, maana ziwa liko kule mbali. Lakini nenda mtaa wa Mwariki ukawaulize watu ambao nyumba zao zilivamiwa na maji miaka ya majuzi.

Menengai, ile kreta ya volkeno, sina mengi ya kusema. Shimo ni kubwa, upepo ni mkali, mahindi ya kuchoma yalikuwa magumu.

Mbugani, kando ya ziwa, ndiko nilikonyong'onyea. Migunga iliyokufa imesimama majini, mikavu, na mnandi wametua juu yake. Faru niliwaona, nyati pia, twiga wakatuzibia njia kwa raha zao. Heroe walikuwa wachache, kikundi kidogo ukingoni. Ziwa lilipojaa, magadi yalizimuliwa na mwani wanaoula ukapungua, kwa hiyo wengi walihamia Ziwa Bogoria. Tulipokuwa wadogo walikuwa utepe wa waridi unaoonekana ukiwa mjini, na hakuna aliyejali. Tulichojali ni harufu ya ziwa upepo ukigeuka.

Hotelini, juu ya kitanda changu, wametundika picha ya ziwa likiwa waridi pembe hadi pembe. Nilimwuliza dada wa mapokezi ilipigwa mwaka gani.

"Hiyo? Hata mimi niliikuta hapo."