Kilo zimepungua, meno yanalalamika

Jamani, tangu nianze sindano ya semaglutaidi ya kila wiki kwa ajili ya sukari, sketi zinanivuka. Hapa Moshi kila anayeniona anataka siri. Habari za meno hakuna anayeuliza.

Jumapili nilikuwa kwa mama Kiboriloni, kanipakulia mtori wa moto. Kijiko cha kwanza tu, jino la mbele likanipiga shoti hadi machozi. Mama akadhani pilipili!

Daktari wa meno alinimulika, akauliza, "Unatapika?" Kweli, wiki za mwanzo nilitapika karibu kila asubuhi, na nikimaliza tu nakimbilia mswaki. Kumbe ndiyo kosa: asidi ya tumboni inalainisha gamba la nje la jino, ukisugua papo hapo unalikwangua. Suuza kwa maji, subiri angalau nusu saa. Halafu mdomo ulikuwa unanikauka, nikawa nautuliza kwa soda ya tangawizi, kidogo kidogo, mchana kutwa. Mate yakipungua, sukari ile inaganda kwenye meno. (Mwenye kisukari na soda, najua, msinianze.)

Sindano sijaacha, hiyo ni ya kuongea na daktari wa sukari. Soda nimeacha. Chupa ya maji naingia nayo hadi kanisani.