Huruma ile ile, mshitakiwa mwingine

Ujiji ni mwanzo wa njia ya misafara iliyopita Tabora hadi Bagamoyo, na miembe ya zamani bado ipo. Labda ndiyo maana msomaji wa huku akishika simulizi la mtumwa machozi humtoka upesi, na yakishamtoka harudi nyuma kuangalia amelizwaje.

Tuanze na Frederick Douglass, mtumwa wa Marekani aliyetoroka, na kitabu cha maisha yake cha 1845. Mama yake alifanya kazi shamba jingine, maili 12 mbali. Jua likizama alikuja kwa miguu, akalala na mtoto, na mtoto akiamka mama hayupo. Alimwona mara nne au tano tu. Uzito wote umo kwenye hizo maili 12. Harriet Jacobs naye, mtumwa mwingine wa Marekani, katika kitabu chake (1861) anatupa vipimo vya dari alikojificha karibu miaka 7: futi 9 kwa 7, na palipoinuka kuliko kwingine futi 3. Chora sakafuni kwa chaki, kisha ingia ukae. Mwalimu anayekimbilia kuuliza “fundisho la hadithi” huviruka vipimo hivi, na ndivyo vinavyofanya kazi.

Kuhusu dini Douglass hana simile. Bwana wake, Auld, aliokoka kwenye mkutano wa Wamethodisti Agosti 1832. Douglass alitumaini moyo wake utalainika. Badala yake Auld alimfunga msichana kilema, akamchapa mjeledi hadi damu, huku akikariri Luka 12:47, mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake asiyatende “atapigwa sana”. Msomaji wa Boston, Marekani, alikuwa na Biblia hiyo hiyo mezani kwake. Alilia, ndiyo, lakini alilia akiwa kizimbani. Na Douglass aliijua hatari yake: mwishoni mwa kitabu aliongeza maelezo ya kutenganisha Ukristo wa Kristo na ule wa wenye watumwa, asije akaitwa adui wa dini. Mwanzoni zimetangulia kauli za Wazungu wawili waliopinga utumwa, Garrison na Phillips, za kumdhamini. Mtu kudhaminiwa ili aaminiwe kuhusu mgongo wake mwenyewe!

Sasa geukia Swema, binti wa Kiyao aliyefikishwa Zanzibar, akazikwa akidhaniwa amekufa, akaokolewa na kulelewa na masista. Habari yake ilichapwa Paris mwaka 1870, kwa Kifaransa, kwa mkono wa mapadre. Kwa hiyo penye mahubiri marefu jiulize ni sauti ya nani. Kilele chake si kutoroka bali kusamehe: anamuuguza Mwarabu aliyejeruhiwa, mmoja wa waliomtesa.

Hapa huruma imebadili njia. Msomaji wa Ufaransa hashitakiwi. Ndiye mwokozi, na anaombwa mchango. Kardinali Lavigerie, Mfaransa aliyeongoza kampeni ya kanisa dhidi ya biashara ya watumwa, alitumia mshipa huo huo alipohubiri Paris na London mwaka 1888. Mshitakiwa amebaki mmoja, Mwarabu Mwislamu, na ukilisoma hilo Ujiji, mji wenye Waislamu wengi, utaona watu wanavyokaa kimya.

Dhuluma ya wafanyabiashara hao wa watumwa ilikuwa ya kweli, hakuna wa kuipunguza. Ila simulizi za namna hii hazisemi sana pembe za ndovu zilizotoka bara kwa misafara hiyo hiyo zilikwenda wapi. Nyingi ziliishia Ulaya na Marekani, zikawa vitufe vya piano, sebuleni kwa watu wale wale waliokuwa wakilia.