Nilivyosoma vinasaba vya nyani kwa vifaa vya binadamu

Huku Kigoma ukisema unasoma vinasaba vya nyani watu wanakuuliza kwani sokwe wameisha? Mi niliwataka nyani wa hifadhi ya Gombe, wale wanaoshuka mpaka ufukweni, maana wanafuatiliwa tangu 1967 na wengi mama zao wanajulikana. Shida hela. Jinomu nzima, yaani maandishi yote ya DNA ya mnyama, ni herufi kama bilioni 3 kwa kila mmoja, kuisoma yote sahau, na vifaa vya kuchagua sehemu za jeni tu vinavyouzwa vingi ni vya watu.

Nikavitumia hivyohivyo. Ndani kuna vipande vifupi vya RNA (ndugu yake DNA) vilivyofuata jeni za mtu, hivyo ndo chambo, vinanasa DNA inayofanana navyo halafu unavivuta kwa sumaku, kinachobaki unamwaga. Sisi na nyani tuliachana kama miaka milioni 25 hadi 30 iliyopita ila sehemu zinazotengeneza protini hazijabadilika sana, so chambo inashika. Maelekezo yalitaka joto nyuzi 65, mi nikashusha kidogo ili hata visivyofanana sana vishike. Na kwa vile sampuli zangu ni kinyesi, ambacho DNA yake nyingi ni ya bakteria, chambo haina habari nao, inawaacha.

Balaa ni wewe mwenyewe. Chambo ya mtu inapenda DNA ya mtu, mate yako yakidondoka humo yatanaswa kuliko hata ya nyani. Kwa hiyo boti ya kutoka Kibirizi ikinishusha Gombe navaa glavu, barakoa, napangusa kwa kijiti cha pamba ule utelezi wa juu tu, ndo wenye seli za utumbo. Kijana wa boti akanicheka, "Dada, mavi ya nyani unayaogopa hivyo?" Nikamwambia mdogo wangu, mavi ndo yaniogope mimi.

Kwenye kompyuta usilinganishe na jinomu ya mtu peke yake, utapata tofauti kibao ambazo nyani wote wanazo, hazikuambii chochote kuhusu nyani na nyani mwenzie. Jinomu ya nyani ipo bure mtandaoni. Mi kila kipande cha DNA kilichosomwa nilikipima kwa zote mbili, kikikaa vizuri zaidi kwa mtu natupa. Na jeni zinazobadilika haraka, kama za kinga, chambo inazikosa, so pasipoonekana tofauti usiseme hawatofautiani, angalia kwanza pamesomwa mara ngapi.

Ukaguzi nilifanya kwa mama na watoto, maana kila mahali mtoto lazima awe na nakala moja ya mama yake. Wasipoendana sana, ama sampuli zimechanganyika ama usomaji mbovu. Wangu wengi waliendana, ndo nikaanza kuhesabu tofauti zenyewe.