Kumbukumbu ya mradi wangu: mfumo wa kikoba na ombi lisilojibiwa

Mfumo wa kikoba sasa una huduma nne zinazojitegemea: wanachama, malipo, daftari na ujumbe. Kila moja ina kanzidata yake ya PostgreSQL. Zote nimeziandika kwa Java na Spring Boot, na zinaendeshwa ndani ya kontena za Docker, yaani kila moja kwenye chumba chake kilichotengwa, kwenye kompyuta yangu. Kwa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa, programu moja ingetosha kabisa. Nimeigawa kwa makusudi, maana ninachotaka kujifunza kinaanza pale sehemu mbili zinapolazimika kuelewana kupitia mtandao.

Muda wote huu nimekuwa kwenye swali moja. Huduma ya malipo inaiagiza huduma ya daftari iandike shilingi 20,000 za mwanachama. Muda wa kusubiri unakwisha, jibu halijaja. Je, pesa imeandikwa au bado?

Jaribio lililonifungua macho ni amri ya docker pause. Ukiizima huduma kabisa, muunganisho unakatika na unapata kosa lililo wazi. Ukiigandisha kwa amri hiyo, muunganisho unabaki hai, kwa sababu mfumo endeshi unaendelea kupokea data kwa niaba ya programu iliyolala. Huduma ya malipo ilisubiri sekunde tatu, ikakata tamaa, ikamjulisha mwanachama kuwa imeshindikana. Ndipo nikaiamsha huduma ya daftari. Ikalisoma ombi lililokuwa linaisubiri, ikaandika 20,000, na ilipotaka kujibu ikakuta mwenzake ameshaondoka. Mwanachama akijaribu tena, anaandikiwa 40,000. Na msimbo wa kila huduma, ukiusoma peke yake, hauna kasoro.

Suluhisho nililolifikia ni kwamba kila malipo yanapewa namba yake ya kipekee tangu mwanachama anapobonyeza kitufe, na ombi likirudiwa linakuja na namba ileile. Huduma ya daftari inaiingiza namba hiyo kwenye jedwali lenye sharti la upekee, ndani ya muamala uleule wa kanzidata unaoandika pesa, yaani mabadiliko yanayoingia yote pamoja au yasiingie kabisa. Natumia INSERT pamoja na ON CONFLICT DO NOTHING, amri inayoongeza mstari mpya na kutofanya lolote namba ikiwa tayari ipo, iliyoingia PostgreSQL toleo la 9.5 mwaka 2016. Ikiwa hakuna mstari ulioongezeka, basi kazi ilishafanyika, na huduma inarudisha jibu la mwanzo. Nilichokipenda zaidi ni hali ya maombi mawili kugongana: la pili linasubiri mpaka muamala wa kwanza ukamilike au ufutwe, kisha ndipo linaamuliwa. Sikuhitaji kuandika kufuli langu mwenyewe la kuzuia maombi mawili yasiguse kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Ujumbe wa simu ulihitaji zaidi. Kuandika kwenye PostgreSQL na kutuma kwa RabbitMQ, programu inayopokea ujumbe na kuufikisha kwa huduma nyingine, ni vitendo viwili, na umeme unaweza kukatika katikati yake. Kwa hiyo ujumbe nauandika kwanza kwenye jedwali la vinavyosubiri kutumwa, ndani ya muamala wa pesa. Mchakato mwingine unausoma kwa FOR UPDATE SKIP LOCKED, inayofunga mistari unayoisoma na kuiruka iliyokwisha kufungwa, unautuma, unasubiri RabbitMQ ithibitishe kuupokea, kisha unautia alama. Ukifa kabla ya kutia alama, ujumbe utatumwa mara mbili. Namba ya kipekee inafanya kazi hapo pia: anayepokea anautambua uliorudiwa.

Nilipima pia njia ya kukamilisha muamala kwa awamu mbili: mratibu anaziuliza kanzidata zote kama ziko tayari, kisha anaziamuru zikamilishe. PostgreSQL inayo, kupitia PREPARE TRANSACTION, ila imezimwa hadi uiwashe kwenye mipangilio. Nilimzima mratibu baada ya pande zote kukubali. Makufuli yakabaki, na hata nilipowasha upya kanzidata yakawa bado yapo. Muamala ulikuwa umekaa ndani ya pg_prepared_xacts, orodha ya PostgreSQL ya miamala iliyoandaliwa, ukingoja mtu aje kuuamua. Kwa akaunti ya kikundi inayoguswa na kila mwanachama, siitaki njia hii.

Kwa mikopo ninafuata wazo la Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem la mwaka 1987, linaloitwa saga: kazi ndefu inakatwa kuwa miamala mifupi, na kila mmoja unakuwa na muamala wa kuutengua. Wahasibu wanaufahamu utaratibu huu tangu zamani. Hawafuti mstari kwenye leja, wanaandika ingizo la kinyume, na historia yote inabaki kusomeka. Ndivyo jedwali langu la daftari lilivyo sasa. Kwenye jedwali hilo nimeondoa kabisa ruhusa za UPDATE (kubadilisha) na DELETE (kufuta) kwa mtumiaji wa huduma hiyo.

Kutenga fedha za mkopo na kuziachilia tayari kunafanya kazi. Kilichobaki ni hatua ya kutuma pesa kwenye simu ya mkopaji, kwa sababu pesa ikishatoka hakuna ingizo la kinyume litakaloirudisha. Hatua hiyo naisogeza iwe ya mwisho, baada ya wadhamini na ukomo wa mkopo kuhakikiwa, na majibu yanayochelewa yawe na hali yake kwenye jedwali: inasubiri uhakika, isihesabiwe kuwa imeshindwa.