Siku moja nyuma ya taarifa ya mbunge

Wakazi wengi wa eneo letu wanapopokea barua pepe ya Alhamisi yenye picha ya mbunge wao, hudhani ameiandika mwenyewe, na wengine huifuta bila kuifungua. Mimi ni mmoja wa watumishi wachache wa ofisi yake ya mtaani, kusini mwa jimbo la Pennsylvania, Marekani, na taarifa hiyo huandaliwa mezani kwangu. Baraza la Wawakilishi la jimbo hili lina wajumbe 203, kila mmoja akiwakilisha watu wapatao 64,000, na mwezi Juni hatumwoni sana mbunge wetu kwa sababu yuko Harrisburg, makao makuu ya jimbo, kwenye bajeti, ambayo inatakiwa kuwa tayari mwaka mpya wa fedha unapoanza tarehe 1 Julai. Nasema inatakiwa, maana ile ya mwaka 2025 ilisainiwa tarehe 12 Novemba. Ninayoyaeleza hapa ni ya Alhamisi moja ya mwezi Juni.

Saa mbili asubuhi nafungua mlango na kusikiliza ujumbe wa simu uliolala: mti umeangukia barabara, malipo ya mtu aliyepoteza kazi yamekwama, bibi mmoja anatafuta cheti cha kuzaliwa. Kila jambo linaandikwa na kupelekwa idara yake. Wapo pia wanaouliza kuhusu uraia au pensheni ya Social Security, mambo ambayo si ya bunge la jimbo bali ni ya serikali kuu, hivyo tunawaelekeza kwa mjumbe wao wa Congress, bunge la taifa, na baadhi yao hukata simu wakiamini kwamba tumewakwepa.

Saa tatu nakamilisha rasimu ya taarifa. Habari ya shimo barabarani ni mistari miwili tu, lakini kabla ya kuiandika ni lazima nijue barabara ni ya nani, kwa maana PennDOT, idara ya usafiri ya jimbo, inatunza takribani maili 40,000 za barabara za jimbo na nyingine ziko chini ya halmashauri za miji na vitongoji. Ukikosea mwenye barabara, simu za wiki nzima zitakuwa zako. Chini yake naweka tangazo la Jumamosi la kusaga nyaraka za zamani bure, masanduku mawili kwa kila gari.

Saa nne akaingia mzee mmoja kutoka Kivu Kusini, ambaye hunijia mimi kwa sababu ya Kiswahili. Nilimwamkia shikamoo, naye akaweka mezani bahasha iliyokunjwa mara nyingi hadi ikalegea. Ndani yake mlikuwa na fomu ya marejesho ya kodi ya nyumba, mpango ambao jimbo huwarudishia sehemu ya kodi ya jengo au ya pango waliyolipa wenye umri wa miaka 65 na zaidi, wajane na wagane kuanzia miaka 50, na watu wazima wenye ulemavu. Sheria ya mwaka 2023 ilipandisha kiwango cha juu kutoka dola 650 hadi 1,000, na ikafanya jambo ambalo kwangu lilikuwa kubwa zaidi: iliwaweka wapangaji sawa na wenye nyumba. Hapo awali mpangaji aliyepata zaidi ya dola 15,000 kwa mwaka alikuwa ameachwa nje, huku mwenye nyumba akiruhusiwa hadi 35,000. Kikomo kikawa 45,000 kwa wote, na tangu hapo hupandishwa kufuata gharama za maisha.

"Mwanangu," mzee akasema, "huyu bwana hataki kutia saini."

Mpangaji anatakiwa kuambatanisha hati ya kodi ya pango iliyosainiwa na mwenye nyumba. Nilimpigia simu mwenye nyumba huyo nikitarajia mazungumzo mafupi, naye akajibu kwamba yuko karibu na angependa kuniona uso kwa uso. Alifika akiwa ameshika taarifa yetu ya wiki iliyopita, iliyochapishwa na kupigiwa mistari kwa kalamu nyekundu. Alitaka kujua kwa nini ofisi ya umma inawatangazia wapangaji fedha zitakazotoka kwenye kodi anayoilipa yeye serikalini. Nikamweleza kwamba mpango huu unalipiwa na bahati nasibu ya jimbo pamoja na mapato ya michezo ya kamari. Akasema basi yeye hachezi kamari, kwa hiyo halimhusu. Nikamweleza kwamba saini yake inathibitisha tu kiasi alichopokea. Akasema hapo ndipo penye mtego, kwamba Idara ya Mapato itamfuata. Mzee alikuwa ameketi pembeni akimsikiliza mtu akizungumzia kodi yake ya kila mwezi kana kwamba yeye hayupo chumbani, nami nilikuwa natafsiri nusu, nikiyaacha maneno ambayo hayakuwa na faida kwake. Simu zililia, mwenzangu akazipokea zote. Mwenye nyumba naye ni mkazi wa eneo letu, naye ana haki ya kusikilizwa kama mwingine yeyote, na haki hiyo aliitumia hadi saa sita ikapita.

Hakutia saini. Alipoondoka nilimjazia mzee sehemu ya pili ya hati, kiapo cha mpangaji ambaye mwenye nyumba amekataa kusaini, nikatuma maombi kwa mtandao, nikamkumbusha kwamba huduma hii ofisini kwetu ni bure na asimlipe mtu. Mwisho wa kisheria ni tarehe 30 Juni. Serikali imezoea kuusogeza hadi 31 Desemba, lakini mimi simwambii mzee wa miaka hiyo ategemee mazoea ya serikali.

Nilikula nikiwa nimesimama. Wakati fulani mchana alikuja kijana mwenye vipeperushi vya kampeni akiomba aviache kaunta, nikavikataa. Mwaka 2008 watumishi wa bunge hili, pamoja na mbunge mmoja aliyekuwa madarakani na mwingine wa zamani, walishtakiwa kwa kutumia fedha za umma kufanyia kampeni, na kanuni zetu zinakataza hata kutuma barua kwa wingi ndani ya siku 60 kabla ya uchaguzi.

Taarifa ilikuwa bado. Nilikuwa nimeongeza aya moja: kwamba mpangaji asikate tamaa mwenye nyumba akikataa kusaini, kwa sababu kuna kiapo. Harrisburg, ambako kila rasimu hupitiwa kabla ya kutoka, wakairudisha wakitaka aya ifupishwe, nikafupisha, wakanyamaza, kwa kuwa baraza lilikuwa kikaoni na kila mtu alikuwa akihesabu kura. Macho yaliniuma. Ningeweza kwenda nyumbani na kuituma asubuhi, ila watu wamezoea Alhamisi, nami nina ubishi wangu kuhusu hilo. Idhini ilikuja giza likiwa limeingia, nikabonyeza.

Jibu la kwanza lilitoka kwa mwenye nyumba yule. Hakuigusa aya ya kiapo; aliuliza kama Jumamosi anaweza kuleta masanduku manne badala ya mawili. Nikamjibu kwamba ni mawili kwa kila gari, na kwamba akija na gari la pili tutayapokea.