Ndoo ya Mistari Miwili

Asikudanganye mtu kwamba ukaguzi wa nyota ni rangi ya ukuta. Mimi nilidanganywa, tena na mfawidhi mwenzangu, msimamizi wa zahanati kama mimi: "Dada, paka rangi, azima mtungi wa kuzimia moto, wageni wakija wakute panang'aa." Nikamwamini. Ulikuwa mzunguko wa kwanza, 2015 kuingia 2016, zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya nchi nzima zilipopimwa na kupewa nyota, sifuri hadi tano. Taifa lilitaka ifikapo 2018 vituo 80 katika kila 100 viwe na nyota tatu au zaidi.

Zahanati yetu iko Tanga, njia ya Pongwe. Rangi na fundi vilikula laki mbili na ushee. Mkaguzi hata ukuta hakuutazama. Akaingia chumba cha kujifungulia, akachungulia sanduku la sindano: limejaa hadi mdomoni, na linatakiwa lifungwe likifika robo tatu. Akamgeukia mhudumu wetu, mama mtu mzima. "Shikamoo mama. Klorini unachanganyaje?"

"Marahaba. Namimina kidogo kidogo mpaka iwashe pua."

Tukapata sifuri. Nililia siku ile, maana klorini hiyo ndiyo tuliyokuwa tukisafishia vyombo vya kuzalishia wake za watu.

Wizara haikupima ikaondoka. Tuliachiwa mpango wa uboreshaji, na timu ya halmashauri ikawa inakuja kuufuatilia, kipengele kwa kipengele. Ukiwa na mpango huo, usiufungie kabatini. Mimi niliubandika mlangoni.

Klorini ndiyo iliyonisumbua. Nilimfundisha mama yule kwa kalamu na karatasi: dawa ya asilimia 3.5, uipate ya 0.5, sehemu moja kwa sita za maji. Wiki nzima. Mwisho akaniambia, "Mwanangu, asilimia siziwezi. Nionyeshe kwa macho."

Usiku sikulala. Asubuhi nikachukua ndoo nyeupe na jagi la lita moja. Nikamimina majagi sita ya maji, nikachora mstari kwa rangi ya kucha nyekundu, ya buku tu pale Ngamiani. Nikaongeza jagi la saba, nikachora mstari wa pili. Nikamwaga yote. "Mama, maji mpaka mstari wa chini. Dawa mpaka wa juu. Basi." Akajaribu mara tatu mbele yangu, hakukosea hata mara moja. Masanduku ya sindano nayo nikayachora mstari kwenye robo tatu.

Waliporudi mzunguko wa pili, swali likawa lilelile, kwa mama yuleyule. Hakujibu neno. Aliinua ndoo, akaweka kidole mstari wa chini, "maji," akapandisha kidole, "dawa, kila asubuhi mpya." Mkaguzi akachuchumaa, akaipima kwa jagi lake mwenyewe.

Tulipata nyota tatu. Rangi ya kucha inafifia kwa klorini, kwa hiyo kila mwezi mama hunikumbusha tuichore upya.