Pad thai ya kechapu, nilivyoiokoa nyumbani

Jamani 28,000 inauma. Tulienda na wifi yangu kwenye kimgahawa cha Kiasia huku Masaki, jina naliacha, mie nikaagiza pad thai ya kamba, zile tambi za mchele za kukaanga za Kithai. Ikaja nyekundu! Pad thai rangi yake kahawia, ukali wake unatoka kwenye ukwaju na chumvi yake kwenye sosi ya samaki, sasa hii kuonja tu kechapu na sukari, karanga hakuna, ndimu hakuna, tambi zimegandana ukiinua uma linakuja bonge zima kama wigi lililoloa.

Nikamuuliza mhudumu, "Dada samahani, humu mmeweka ukwaju?"

"Ukwaju wa juisi?"

"Huohuo."

Akaenda jikoni, akarudi. "Mpishi anasema wateja wanapenda tamu."

Wateja gani hao, huku pwani tunaokunywa urojo? Thailand kwenyewe mezani unakuta sukari, pilipili ya unga, siki ya pilipili na sosi ya samaki, ujirekebishie mwenyewe. Mie nikaletewa kechapu nyingine. Wifi akasema achana nayo, nikamwambia wifi, hela imeshatoka, wanifungie.

Nikailaza kwenye friji, maana tambi za mchele zikipoa zinakakamaa, hapo ndo zinachambulika, zikiwa za moto unazivuruga tu zinakuwa uji. Kesho yake nikaloweka ukwaju kwenye maji ya moto kiduchu, nikaukamua mzito, siyo ule wa juisi. Kamba nikawatoa pembeni kwanza (ukiwapika tena sana wanakuwa mpira), nikachambua lile bonge kwa vidole taratibu, fraipani moto mkali, mafuta kidogo, nikazitandaza na SIKUZIGUSA mpaka chini zikaanza kukauka na kunukia. Hapo ndo nikamwagia ukwaju na sosi ya soya kijiko, sosi ya samaki sikuwa nayo, nikazisogeza nikavunja yai pembeni, likishika unachanganya, kamba wanarudi mwishoni wapate moto tu, halafu karanga za kukaanga nilizotwanga zikabaki vipandevipande, vitunguu majani, na ndimu ya kutosha.

Utamu haukuisha wote, kechapu ni kechapu, ila ulipokutana na ukali wa ukwaju ukatulia, na tambi zikawa zinatafunika. Wifi kala.

Pale sijaacha kwenda, chowmein yao, zile tambi za kukaanga za Kichina, iko poa, ila pad thai nauliza kwanza kama ina ukwaju, wakianza kunizungusha naagiza wali wa kukaanga.